Vita Isiingie Mu Tangente Yangu

Kosa lililomkasirisha Mama Prof kuliko yote lilikuwa la kusema deux pi, yaani pi mbili. Mwanafunzi angeweza kuchelewa, kusinzia, au kuja na shati lisilo na vifungo, na yeye angenyamaza. Lakini akiuliza, "Période ya tangente ni ngapi?" na darasa likaitikia kwa pamoja, "Deux pi, Mama Prof!", aliweka chaki chini polepole, akajifuta mikono kwenye kitenge, akatuangalia mmoja mmoja kama mtu aliyekuta mbuzi ndani ya shamba lake la maharage.

"Sinus inajirudia kisha deux pi. Cosinus, deux pi. Nani aliwaambia tangente ni mutumwa yao? Tangente haingojee muzunguko uishe. Ikifika nusu, inaanza tena. Pi! Semeni!"

"Pi!"

"Sisikie."

"Pi!" tulipiga kelele, mpaka askari waliokaa juu ya gari lao barabarani wakageuza shingo.

Hiyo ilikuwa Bunia, miaka ya vita. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, sehemu ya hesabu na fizikia, mmoja wa wasichana wachache waliojitia huko. Wazazi wangu ni watu wa Mahagi. Baba alinunua samaki wakavu Tchomia, kando ya ziwa, na kuwauza mjini, na kwa kuwa hatukuwa wa upande huu wala ule, mitaa yote ilituvumilia, kila mmoja kwa wasiwasi wake. Pande hizo sitazitaja kwa majina. Mtu wa Bunia hahitaji kutajiwa. Mtu wa mbali ajue tu kwamba walikuwa majirani waliooana na kuzikana, kisha zikaja siku ambazo mtu akiulizwa jina la baba yake, jibu liliweza kumuua.

Mama Prof alikuwa mfupi, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Alikuwa mjane tangu zamani. Kila siku alivaa kitenge kilichopigwa pasi, hata wiki ambazo hakuna aliyejua alitoa wapi mkaa, na chini yake alivaa viatu vya marehemu mumewe, vyeusi, vya kamba, vilivyojazwa vitambaa mbele ili visichomoke. Wenzake walimcheka.

"Viatu vya wanawake vinaombaka ruhusa mbele ya kutembea," aliwajibu. "Hivi havijui kuomba."

Chaki zake alizitunza ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, na watu walisema analala nao chini ya mto. Sijui. Ninachojua ni kwamba siku majambazi walipopita nyumbani kwake wakachukua redio, sufuria na godoro, kesho yake alifika shuleni na mkebe kwapani, akaandika tarehe ubaoni, akaanza somo.

Ubaoni hakuvumilia uongo wowote. Alama ya kutoa ikisahaulika, kwake ilikuwa dhambi. Lakini kwenye vizuizi vya barabarani, ambavyo sisi tunaviita barieri, alidanganya bila kupepesa jicho. Leo alikuwa dada wa padri, kesho mama mkwe wa kamanda, kesho kutwa mkunga anayekimbilia mwanamke mwenye uchungu. Mara moja nilikuwa naye akisema hayo ya ukunga, na tulipokwisha kupita nikamwuliza, "Mama Prof, uongo si zambi?"

"Ukweli ni chakula," akasema. "Hauupatie kila mutu mwenye njaa na bunduki."

Kupika hakujua kabisa. Mtu aliyeweza kupima pembe kwa jicho hakuweza kupima maji ya maharage. Yaliungua kila mara, na jirani yake alimletea bugali na sombe, majani ya muhogo, kwa huruma. Tena aliogopa bata mzinga. Nasema kweli. Mwanamke ambaye hakuondoka njiani mbele ya lori lililojaa wapiganaji alikuwa anazunguka nyuma ya nyumba tatu ili asikutane na bata mzinga wa jirani huyo huyo. Tulimwona, tukacheka mpaka tukajikalia chini, na yeye akatuadhibu kwa mazoezi ya kufanya nyumbani.

Hata na padri aligombana. Jumapili moja padri alihubiri juu ya kuvumilia. Watu walipokuwa wakitoka, Mama Prof alisimama mlangoni akamshika mkono asiuachie.

"Padri, kuvumilia tumeshajua. Tumefanya mazoezi mingi. Utufundishe somo ingine."

Padri alicheka kidogo, kisha akaona kwamba yeye hacheki.

Shule yetu ilikuwa mtaa wa Mbunya. Kwanza madawati yalichukuliwa yakawa kuni, kisha mabati, yakabaki matofali. Walimu wengi walikimbilia Beni au Uganda. Mama Prof alituhamishia kwenye nyumba ya tajiri mmoja aliyekuwa amekimbia, nayo haikuwa na paa, lakini sebule yake ilikuwa na ukuta mrefu uliopakwa chokaa. Chaki nyeupe haionekani juu ya chokaa, kwa hiyo akaandika kwa mkaa. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi michoro ilikuwa imeteremka mpaka sakafuni, akachora upya. Mikono yake ilikuwa myeusi kama ya muuza mkaa, na kitenge, sijui kwa njia gani, kilibaki safi.

Hapo ndipo nilipoielewa tangente. Vitabu vilitupa kanuni za kukariri, na hofu ilikuwa inatusahaulisha kila tulichokariri. Yeye alizifuta kanuni.

"Kanuni itakukimbia siku unaihitaji," alisema. "Kuta hazikimbie. Tafuta kuta."

Kuta aliita zile asymptotes, mistari miwili iliyosimama wima, ambayo mchoro wa tangente unapanda kati yake bila kuigusa. Alituandikia tangente ya deux x moins pi sur trois, yaani x mbili kutoa pi gawa kwa tatu. Kilicho ndani ya mabano, alisema, kiweke sawa na moins pi sur deux, utapata ukuta wa kushoto. Kisha kiweke sawa na pi sur deux, utapata wa kuume. Pima umbali kati ya kuta mbili: hiyo ndiyo période. Tafuta katikati yake: pale ndipo mchoro unapokata mstari wa sifuri, na pale ndipo unapojua umehama kiasi gani kutoka mahali pake pa kwanza. Kuhama huko vitabu viliita déphasage.

Aliyefanya hesabu haraka kuliko sote alikuwa Floribert, kijana mrefu, mwembamba, mwenye kucheka kwa pua. Lakini haraka yake ilimponza. Siku hiyo aliruka kuta zote mbili akasema tu, "Déphasage ni pi sur trois."

"Uliipima?"

"Iko mu mabano, Mama Prof. Inaonekana."

"Inaonekana! Ile mbili iko mbele ya x umeitupa wapi? Toa mbili inje ya mabano kwanza, ndiyo useme kitu imehama kiasi gani. Kuya, pima."

Floribert akaenda ukutani. Ukuta wa kushoto, moins pi sur douze. Wa kuume, cinq pi sur douze. Umbali, pi sur deux. Katikati, pi sur six: pi gawa kwa sita, si kwa tatu. Akabaki ameshika mkaa, akiutazama mchoro wake unavyopanda, unapotea juu, kisha unaanza tena kutoka chini upande wa pili wa ukuta. Siku chache kabla, mtaa wa wajomba zake ulikuwa umechomwa.

"Mama Prof," akasema kwa sauti ya chini, "iko kama siye. Tunapanda, tunapanda, tunakatika, tunaanza tena chini."

Msichana mmoja mbele yangu alijifunika uso. Nilifikiri Mama Prof atamshika bega, maana lilikuwa neno zuri, na kila mmoja wetu alikuwa ameshalifikiri. Akamnyang'anya mkaa.

"Hapana. Sikia muzuri, Floribert. Vita iliingia mu nyumba yangu. Iliingia mu soko, mu shamba, mu kanisa. Vita isiingie mu tangente yangu. Hii ilikuwa mbele yao, na itakuwa kisha yao. Haiko kama weye, haiko kama mimi, haiko kama mutu yeyote. Ndiyo sababu naipenda. Kaa. Mwingine akuye."

Wakati ule nilimwona mkatili. Baadaye nilifika kuona kwamba mji mzima haukuwa tena na mahali ambapo vita haikufika, na kwamba yeye alikuwa amekamata kitu kimoja, kidogo, chenye pi ndani yake, akakilinda kwa meno.

Kisha walikuja kutafuta majina. Ilikuwa asubuhi. Wapiganaji waliingia kupitia pale palipokuwa mlango, mkubwa wao kijana mwenye miwani ya jua, labda umri wetu. Alituangalia tulivyokaa juu ya matofali, akatabasamu.

"Mama, siye hatuna shida na weye. Utuambie tu: humu ndani, nani ni nani?"

Kila mmoja wetu alijua anachouliza. Mama Prof aliweka mkaa chini polepole, akajifuta mikono.

"Vizuri umeuliza," akasema. "Huyu anajua kuta lakini hajui kupima katikati. Yule anajua yote lakini iko na haraka. Huyu musichana anaogopa fractions kama nyoka. Wale wawili nyuma wanaibiana majibu, na majibu yenyewe si ya kweli. Yule pale anasema tangente ni deux pi mpaka leo, na nimemuambia nikachoka. Nani ni nani, ni hivyo. Ingine sijue."

Kijana akavua miwani. "Unanichezea?"

"Nakujibu. Nimefundisha hawa batoto. Kama ungekuwa umefundishwa nami, ningejua weye pia ni nani."

Kijana alimpiga kofi. Miwani ya Mama Prof ya kusomea iliruka ikavunjika kwenye matofali, kioo kimoja kikapasuka. Yeye aliinama, akaiokota, akaivaa vile vile, akageukia ukuta kuendelea kuchora, na mstari wa asymptote, ambao siku zote aliuchora umenyooka bila rula, ukatoka umepinda. Kijana alisimama nyuma yake kwa muda. Mgongo wake mfupi hakuugusa. Barabarani wenzake walimpigia filimbi, akatema mate sakafuni, akaondoka nao.

Mama Prof aliufuta ule mstari uliopinda akauchora tena. "Nani atanipatia ukuta wa kuume?" akauliza. Sauti ilimtoka nyembamba. Mwaka wote uliobaki alisoma kwa kioo kimoja na nusu.

Baada ya hapo wazazi wengi waliwazuia watoto wao. Akawafuata nyumba kwa nyumba, upande huu na upande ule. Hakubembeleza. Alisimama uani akasema, "Mutihani wa Serikali uko mbele, na mutoto wako hajamaliza programme," kana kwamba lilikuwa deni la kanisa. Wengine walimfungia mlango. Wengine waliona haya wakamtoa mtoto.

Floribert hakuwa nyumbani. Yeye na mdogo wake walikuwa wamekwenda kuchukua silaha, na walikuwa wakilinda barieri kwenye njia ya kutoka mjini. Mama Prof akaniambia twende. Alinichagua kwa sababu mtu wa Mahagi angeweza kupita.

Tulimkuta. Macho yalikuwa mekundu, bunduki ikimning'inia begani kama ya mtu mwingine. Mdogo wake alikuwa ameketi juu ya pipa, akila muwa. Mama Prof hakusalimia. Alitoa karatasi mkobani, interro, yaani jaribio, ya mwisho ya Floribert: saba juu ya ishirini kwa wino mwekundu, yeye aliyezoea kumi na nane.

"Sept sur vingt. Weye, mutu wa dix-huit! Umepata kuta, kisha ukakosa kupima katikati. Nani alikuharakisha?"

Wenzake walianza kucheka. Mkubwa wao akasogea. "Mama, unataka nini hapa?"

"Nataka asahihishe."

"Huyu ni askari sasa."

"Aweze kuwa askari. Lakini hajamaliza."

Mkubwa alipiga risasi juu. Nilianguka chini. Mama Prof aliruka kama aliyeona bata mzinga, kisha akaikunja karatasi, akaniinua, tukarudi tulikotoka. "Usiangalie nyuma," akaniambia. Wiki iliyofuata tulirudi. Tukafukuzwa. Tukarudi tena.

Mji ulipobadilisha wakubwa, maana ulibadilisha mara nyingi, kundi lile lilikimbilia milimani. Floribert hakuwafuata. Asubuhi moja aliingia kwenye nyumba yetu isiyo na paa akiwa na shati kubwa la mtu mwingine, bila bunduki, akaketi karibu na mlango. Mama Prof alimwangalia, akamnyoshea mkaa.

"Kuya usahihishe."

Akasahihisha. Kuta mbili, katikati, yote. Mkono ulikuwa mzito kama wa mtoto wa darasa la kwanza. "Bon," akasema Mama Prof, na hilo lilikuwa neno la juu kabisa alilokuwa nalo.

Mdogo wake Floribert alikwenda na kundi milimani, akafa huko msimu ule ule. Naye alikuwa mwanafunzi wa shule yetu, darasa la chini, mwenye kurudia mwaka. Mara zote tulipokwenda barierini alikuwepo, hatua chache tu, akitusikiliza, na Mama Prof hakuwahi kumwambia neno. Hili halikunijia akilini mpaka Floribert mwenyewe aliponiambia, tulipokwisha kufanya mtihani.

"Mama Prof alinifuata sababu nilijua tangente," akasema. "Mudogo wangu hakujua."

Kuanzia hapo Floribert hakumsalimia tena Mama Prof. Alihamia Kisangani, na nasikia ana watoto. Nilipomfikishia Mama Prof maneno yale alikuwa akiosha mikono. Aliendelea kuosha muda mrefu.

"Iko na haki," akasema. "Nilikuwa na nguvu ya kuvuta mumoja. Nikavuta ule nilipenda. Usinitetee."

Sikumtetea, wala sasa simtetei. Naandika tu kwamba alisema hivyo, bila kulia, na kwamba jioni ile maharage yake hayakuungua kwa sababu hakuyaweka motoni.

Mtihani wenyewe ulifanyika kwa kuchelewa, askari wa kigeni wakiwa mlangoni. Sisi wa nyumba isiyo na paa tuliingia pamoja, watu wa pande zote, tukaketi walivyotupanga. Tulipotoka Mama Prof alikuwa akingoja ng'ambo ya barabara.

"Tangente iliuliziwa namna gani?"

Tuliangaliana. "Haikuuliziwa, Mama Prof."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Wajinga!" akapiga kelele katikati ya barabara, na waliokuwa kwenye gari la jeshi wakafikiri anawatukana wao. "Wajinga wa Kinshasa! Haizuru. Munaijua. Hakuna mutu atawanyanganya."

Wengi wetu tulifaulu.

Miaka imepita. Nina duka la dawa mtaa wa Shari, humu humu Bunia, nina mume na watoto. Vita vilipoanza upya vijijini Djugu, na watu wakaanza tena kuingia mjini na magodoro vichwani, nilipigiwa simu na mtoto wa Mama Prof, injinia anayeishi Kampala. Sikuwa nimewahi kumwona. Alisema amekuja kumchukua mama yake, gari liko uani, mizigo imeshapakiwa, na mama amekaa kwenye kiti barazani hataki kuinuka.

"Dada, nakuomba. Weye anakusikiaka."

Nilikwenda. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe, kitenge kimepigwa pasi. Gari lilikuwa limejaa: sufuria, masanduku, godoro lililofungwa kamba juu. Mtoto wake alisimama kando akizungusha funguo kidoleni, amechoka, na nilimwonea huruma, maana alikuwa na haki. Nikachuchumaa mbele ya kiti.

"Mama Prof, ni kwa muda tu. Kule kuna usalama, kuna hospitali. Mambo ikitulia utarudi."

"Umekuya kunifundisha?"

"Hapana, Mama. Kukuomba."

Aliitazama barabara. Familia moja ilikuwa inapita, wamebeba virago, mtoto mdogo amemshika mbuzi kwa kamba.

"Ufoyuru," akasema, akiniita kwa jina langu, "kuna watu wametumika kazi miaka mingi ili nitoke hapa. Walitumika na bunduki, na moto, na mukono. Hawakuweza. Sasa mutoto wangu wa tumbo anataka kuwamalizia kazi, tena bule?"

"Mama!" mtoto wake akalia. "Mi si hao watu!"

"Najua, baba. Ndiyo sababu nakuambia na upole." Akamgeukia, akamwangalia kwa huruma ambayo sikuwahi kuiona kwake darasani. "Uende na mahangaiko yako, utanipigia simu kila siku mpaka nichoke nayo. Nikikufa hapa, utanizika hapa. Lakini wakiuliza Mama Prof alienda wapi, waambiwe: iko kwake."

Mtoto wake akacheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa na kitu alichokijua tangu utotoni, akajifuta macho kwa kiganja na kuanza kufungua kamba. Wingu lilikuwa limejaa upande wa ziwa. Mama Prof aliinuka mwenyewe, akashuka barazani, akaenda kusimama karibu na gari kama msimamizi wa kazi.

"Godoro kwanza," akasema. "Ufoyuru, shika upande ule. Mvua inakuya."

Nikashika.